"You was" na kalamu nyekundu

Nikiwa kidato cha pili niliandika "you was" badala ya "you were" kwenye insha. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, na muhula mzima nikaitwa Yuwozi. Kimombo changu kilinyooshwa na aibu. Kuelewa kulikuja baadaye sana.

Kumbe katika karne ya 18 Waingereza waliosoma, na mawigi yao kichwani, walikuwa wakiandika "you was" kumwambia mtu mmoja, wala hawaoni haya. Ukifikiri, walikuwa na hoja: mtu ni mmoja, kitenzi nacho kiwe cha umoja. Miongoni mwa waliowakemea ni Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, katika kitabu chake cha sarufi cha 1762.

Tena hilo "you" lenyewe asili yake ni "ninyi". Mtu mmoja aliambiwa "thou". Kwa kuiga adabu za Kifaransa, wakubwa wakaanza kuambiwa "ninyi", heshima ikateremka ngazi kwa ngazi mpaka kila mtu akawa "ninyi". Mwaka 1660 George Fox, mwanzilishi wa dhehebu la Quaker, alitoa na wenzake kitabu kizima cha kuwasuta wanaomwambia mtu mmoja "you". Waumini wake walimfuata, wengine wakaendelea na mambo yao. Kwa hiyo alichokiona Fox kuwa kosa ndicho leo tunachopewa alama.

Maana nazo zinahama. "Nice" liliwahi kuwa "mpumbavu". "Pease" lilikuwa umoja; watu wakadhani sauti ya mwisho ni ya wingi, wakaikata, ikazaliwa "pea", yaani njegere. Msicheke. Sisi tulichukua "kitabu" kwa Waarabu, "ki" ikiwa ndani ya mzizi, tukazaa "vitabu". Mwarabu husema "kutub".

Ndiyo maana subira hunitoka mtu anapotoa hoja nzito mtandaoni, halafu watu wakaiacha hoja na kumshika "is" na "are" zake. Sisemi mtihani uandikwe hovyo. Msahihishaji hana muda wa historia. Hata mimi barua ya kazi naipitia mara tatu.

Juzi binti yangu kaniuliza inakuwaje "they" linatumika kwa mtu mmoja. Nikamwambia kaa, tuanze na "you". Alisinzia kabla sijamfikia Lowth.