Kuhusu Kile Kizibo: Sikilizeni Toleo Langu

Najua mwalimu mwenzangu wa jiografia keshawarushia la kwake kwenye magrupu, eti nimelipua maabara. Mwongo. Kilichoruka ni kizibo tu.

Kidato cha Pili, mama mthibiti ubora wa shule kakaa nyuma na daftari lake. Somo: ukichanganya maji mawili yenye kemikali yakatoa mashapo (chembe ngumu zinazojitenga majini), masi, yaani uzito wa mizanini, haibadiliki. Kalsiamu kloridi ninayo. Sodiamu kaboneti imeisha tangu muhula uliopita. Nikajiongeza: asubuhi nikapita soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza nikabeba magadi soda, ile ya kulainishia makande. (Wanakemia mlioanza kucheka, subirini.)

Maji ya magadi kwenye flaski, testi tyubu ya kalsiamu inaning'inia humo kwa uzi, kizibo cha mpira juu. Mizani: gramu 214.6. Nikaiandika ubaoni kwa mwandiko wa kadi ya harusi. "Mwanakemia Mfaransa Lavoisier kayasema haya tangu 1789. Hakuna kinachopotea!"

Nikainamisha flaski. Likatanda wingu jeupe, zito kama tui la kwanza. Darasa: "Aaaah!" Nikamtupia mama jicho, akaitikia kwa kichwa.

Ndipo nikasikia: chhhhh.

Jamani, mashapo tangu lini yakachemka? Povu likapanda shingoni. Kizibo kikajiinua kidogo, kikatulia, kama abiria wa daladala asiyejua kituo chake. Nikanyoosha kidole nikibane. Kikashuka kituo. PUUU! Darini, kwenye feni, halafu taratibu kabisa, kikatua ndani ya kilemba cha mama. Kikakaa.

Ningenyamaza yangeisha. Mimi huyo nikairudisha flaski mizanini, mikono inatetemeka: 191.2.

"Mwalimu," binti wa mbele huyo, "gramu 23.4 zimeenda wapi?"

Mdomo ukanitangulia: "Nyingi ziko kwenye kilemba."

Lavoisier walimkata kichwa mwaka 1794. Siku ile ningewashikia panga.

Mama akainuka, akachomoa kizibo, akakiweka mizanini mwenyewe. Bado gramu 3 na ushee. "Na hizi?"

Magadi yale ni bikaboneti, bwana! Ikikutana na kalsiamu inatoa mashapo na hewa ya ukaa kwa pamoja, na hewa ikatoroka na gramu zake. Nililikumbuka hilo saa nane usiku.

Kaboneti imenunuliwa, kipindi kimerudiwa, namba zimelingana, magadi yaliyobaki yamepikiwa makande. Ila jana nashuka stendi ya Buzuruga nasikia, "Shikamoo, Mwalimu Kizibo!"

Wewe wa jiografia, tukutane stafurumu.