Pima Volti Ripita Ikiwa Inarusha

Ripita ya redio ya ridhaa, yaani kituo kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena ili yafike mbali, ikianza kukatika-katika, wengi hukimbilia redio yenyewe. Inafunguliwa, inashushwa, inapimwa mezani na kuonekana nzima. Inarudishwa mahali pake, inafanya kazi vizuri kwa siku kadhaa, kisha tatizo linarudi lilelile. Mimi nashikilia kwamba mara nyingi mkosaji si redio. Ni waya, fyuzi na vibano vilivyo kati yake na betri. Zile siku za nafuu nazo zina sababu: kuchomoa konekta na kuichomeka tena kumekwangua kutu kidogo. Aliyebadilisha kifaa bila kupima amefuta ushahidi kwa mikono yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Ripita inayosikiliza tu hula mkondo mdogo, tuseme nusu ampea. Kirushaji cha wati 50 kikiwaka, mkondo hupanda hadi ampea 10 hivi, na mara nyingi huzidi hapo. Sasa chukua kishikio cha fyuzi chenye kutu, ukinzani wake omu 0.1. Kwa nusu ampea kinapoteza volti 0.05, kwa hiyo volti 13.8 za betri zinasomeka 13.75 kwenye redio na hakuna atakayeshtuka. Kwa ampea 10 inapotea volti nzima, na wati 10 zinageuka joto palepale. Joto hulegeza chuma kinachobana fyuzi, ukinzani unapanda, joto linazidi. Ukifika omu 0.3, redio inabakiwa na volti 10.8 na inaweza kujizima. Ikijizima mkondo unashuka, volti inapanda, inawaka upya, inazima tena. Fundi akifika na kuweka mita wakati hakuna anayezungumza, anasoma 13.65 na kutangaza kwamba umeme uko sawa. Inaniuma kila nikisikia tangazo hilo, kwa sababu baada yake pesa za klabu huenda kwenye redio mpya isiyohitajika.

Ninachosisitiza ni kupima ripita ikiwa inarusha, tena kwenye terminali za redio yenyewe, pale nyaya za umeme zinapoingia. Funga mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu ya kirushaji na kuigeuza joto) badala ya antena, washa kirushaji, na ukiache kwa dakika moja au zaidi ili penye joto papate joto. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya redio. Namba unayoiona ndiyo volti inayopotea njiani. Rudia upande wa hasi. Huo husahaulika sana, wakati mkondo uleule unapita humo. Kisha gawa njia: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, kwenye kila kiungo. Penye namba kubwa ndipo pa kufungua. Kipimo cha omu hakifai kwa kazi hii, maana waya za mita ya kawaida peke yake zinaweza kufikia omu 0.1 au zaidi, na mkondo wa kupimia ni mdogo mno kuanika kiungo kibovu. Vua pete na saa kabla ya kugusa betri, kwani betri ikipata shoti kupitia chuma kidoleni huunguza vibaya.

Ukisikia mvumo wa 100 Hz kwenye sauti, mahali ambapo umeme wa gridi ni wa 50 Hz, endesha ripita kwa betri pekee. Mvumo ukitoweka, shuku kapasita za kuchuja, vijenzi vinavyolainisha umeme, ndani ya pawa saplai, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa gridi ili ulishe redio. Mkwaruzo unaotokea kirushaji kinapowaka ni jambo jingine: ukiisha baada ya kuweka mzigo bandia, acha nyaya za umeme ukakague kebo ya antena, konekta zake na vyuma vya mnara vinavyogusana.

Ningependa kila ripita iwe na kadi ndani ya kasha, imeandikwa volti za terminali za redio ikiwa imetulia na ikiwa inarusha, pamoja na tarehe. Na pale ambapo kidhibiti cha ripita kinaweza kusoma volti na kuzitangaza hewani, kiwekwe kipime wakati kirushaji kimewaka, ili hata msikilizaji aliye mbali aone volti zikianza kushuka kabla ripita haijanyamaza.