Damu ya Mzee, Mashine na Njiti za Kiberiti

Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Kinapima uwiano wa protini mbili, p-tau217 na beta-amiloidi 1-42. Zamani ilibidi mgonjwa achomwe sindano mgongoni yachukuliwe maji ya uti wa mgongo, au apigwe picha ya ubongo iitwayo PET, ambayo ni ghali hata kwa wenye nazo. Hapa Moshi habari hiyo ilitufikia kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa imetiwa chumvi: eti akili mnemba sasa inasoma tone la damu na kukutajia mwaka utakaoanza kusahau.

Chumvi hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2024 watafiti walichukua damu iliyohifadhiwa ya Waingereza zaidi ya 50,000, wakaipa mashine ya akili mnemba vipimo vya protini zaidi ya 1,400, nayo ikajifunza kubagua waliokuja kupata dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, miaka mingi baadaye. Jicho la daktari haliwezi kushika protini 1,400 kwa mpigo. Mashine inaweza, na hapo sina ubishi nayo.

Wanaotaka teknolojia hii ije Kilimanjaro haraka wana hoja nzito. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilayani Hai mwaka 2010 ulikuta kiasi cha wazee 6.4 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana dimenshia. Miaka michache kabla, wilaya hiyohiyo ilifanyiwa uchunguzi wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa. Wakapatikana wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanaumwa. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu nchini ni wa kuhesabika. Damu inaweza kupanda Hiace pale Boma Ng'ombe ikashuka mjini. Bibi wa miaka 80 kutoka juu Machame, wakati wa masika, hawezi.

Sasa tupige hesabu. Chukua wazee 1,000 wenye umri huo. Kwa kiwango kile, 64 wana dimenshia. Wape kipimo kinachopatia mara 90 katika 100, kwa wagonjwa na kwa wazima vilevile. Wagonjwa 58 watanaswa. Ila katika wale wazima 936, kama 94 nao wataambiwa wanaumwa. Karatasi mbaya zitakuwa 152, na zaidi ya nusu zitakuwa za watu wasio na ugonjwa. Ndiyo maana kibali kile cha FDA kinahusu watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili na wako mikononi mwa wataalamu. Hakikutolewa kwa ajili ya kupimana kanisani baada ya misa.

Halafu kuna figo. Ugonjwa sugu wa figo hupandisha p-tau kwenye damu hata ubongo ukiwa salama, na figo zetu huharibiwa sana na presha na kisukari. Mashine iliyofunzwa kwa damu ya Waingereza waliojitolea wenyewe, ambao kwa kawaida huwa na afya kuliko majirani zao, itamsomaje mzee wa Kibosho mwenye presha isiyotibiwa miaka 15? Itatoa jibu, na ubaya ni kwamba italitoa bila kusita.

Hata huko kwao mashine zimewahi kujidanganya. Kuna hazina maarufu ya sauti za wagonjwa wa Parkinson iliyowekwa wazi na mtafiti wa Oxford: rekodi 195 za watu kutamka "aaa" kwa kuvuta, lakini watu wenyewe ni 31 tu. Rekodi 147 ni za wagonjwa, kwa hiyo hata mashine isiyojua lolote, ikisema "anaumwa" kwa kila sauti, inapata asilimia 75. Mbaya zaidi, rekodi hizo ukizichanganya kabla ya kuzigawa, sauti ya mtu mmoja inaingia kwenye mafunzo na kwenye mtihani pia. Ni mwanafunzi aliyeonyeshwa maswali usiku, asubuhi tunampigia makofi.

Upande wangu mimi? Namtazama kwanza mhudumu wa afya wa kwanza kukutana na mzee. Kutokana na tafiti za Hai kilizaliwa kipimo kiitwacho IDEA, kilichotungwa kwa watu ambao huenda hawakushika kalamu maishani. Mzee haambiwi achore saa. Anapangiwa njiti za kiberiti mezani, aige umbo. Anataja wanyama kwa dakika moja. Anaulizwa daraja ni nini. Muuguzi wa zahanati anaweza kukifanya, na gharama yake ni kiberiti. Atakayeshindwa hapo ndiye damu yake ipande gari, maana katika kundi lile dogo la wenye dalili hesabu ile niliyopiga hapo juu inageuka na kipimo kinaanza kuaminika. Na kabla ya kumtafutia amiloidi, apimwe presha, sukari, tezi ya shingo, VVU na vitamini B12. Baadhi ya usahaulifu unatibika.

Wapo wanaosema kujua kusikokuwa na dawa ni kujiumiza bure. Kwa Alzheimer nawaelewa nusu. Dawa iitwayo lecanemab ipo tangu 2023, lakini ilianza kama dawa ya dripu na inataka picha za MRI za mara kwa mara, na kwa kijijini hiyo ni hadithi. Kwa Parkinson siwaelewi kabisa. Dawa yake, levodopa, imetumika tangu miaka ya 1960.

Jirani yetu mmoja, fundi seremala, alianza kutetemeka mkono na kuburuta mguu. Mtaa mzima ulisema ni pombe ya mbege. Mkewe alificha pesa, wateja wakahama. Miaka mitatu baadaye daktari mmoja alimwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, kisha atembee koridoni aende na kurudi. Dakika kumi, bila damu wala kompyuta. Alianza vidonge, akarudi kushika randa. Anachouliza siku hizi kila nikipita kwake ni kama mjini vidonge vimefika.