Nimelipa Nauli Nikaumwe na Siafu

Mimi natembea kwa miguu kila siku ya Mungu. Nashuka daladala, naruka mtaro, nakanyaga tope, nafika Kariakoo jasho limeshanivaa kabla sijafungua hata boksi moja la misumari. Miaka kumi na saba sasa. Sijawahi kuona mtu akinifuata na risiti.

Sasa juzi Mama Rukia kaniambia, "Baba Rukia, safari hii na sisi twende tukatembee." Tukatembee wapi? "Tanga. Siku moja mjini tunaangalia majengo ya kale, siku ya pili tunapanda Amani kuangalia ndege na wanyama wa msituni." Nikauliza kwa sauti ya mtu mwenye marejesho ya mkopo: na huko kutembea kuna kulipia? Kuna kulipia. Kuna kiingilio, kuna kijana wa kutuongoza, kuna gari la kukodi. Yaani mjini nakolala bure natembea bure, halafu nilipe nauli ya kilomita zaidi ya mia tatu nikatembee.

Nilikataa. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kwenye basi.

Tanga tulipokewa na shemeji yangu, kaka wa Mama Rukia, anakaa Ngamiani kule ambako barabara zinaitwa kwa namba kama wanafunzi wa bweni. Sijakaa vizuri, anasema, "Shemeji, Tanga hapa, waja leo kuondoka majaliwa." Nikamwambia mimi tiketi ya kurudi ninayo mfukoni, Jumapili usiku, majaliwa yameshakatwa.

Matembezi yakaanza saa tisa alasiri, jua la kukaanga mayai. Nilivaa viatu vyangu vya msibani kwa sababu niliambiwa ni "matembezi ya urithi", na mimi nikisikia urithi najua kuna kikao cha ukoo. Kumbe urithi wenyewe ni kuta. Kijana wa kutuongoza akaniita mzee. Nina miaka arobaini na saba! "Mzee, tazama ule mnara wa saa, wamejenga Wajerumani." Nimetazama. "Mzee, tazama dirisha lile." Nimelitazama na lenyewe. Mimi jengo nikiliangalia naona bati, naona misumari, naona idadi ya mifuko ya saruji. Nikamuuliza hilo paa liliezekwa kwa misumari ya inchi ngapi. Kijana kanyamaza. Anajua jengo limejengwa na nani, hajui limeshikiliwa na nini.

Lakini alipofika kwenye vita, hapo nikasahau viatu. Mwaka 1914, mwezi wa Novemba, Waingereza walileta kwa meli kikosi kutoka India, watu kama 8,000, chini ya Jenerali Aitken. Tanga ilikuwa na watu kama 1,000 tu wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wengi wao askari weusi. Hesabu hiyo hata Rukia wa darasa la tatu angekwambia nani anashinda. Basi katikati ya risasi, nyuki wakachokozwa mizingani. Nyuki hawakuuliza huyu wa kaiza au wa mfalme, waliuma kila mwenye ngozi, ila waliokimbia zaidi ni wageni. Wakarudi melini wakaacha bunduki, bombomu na risasi kwa malaki. Wameingia tarehe 2, tarehe 5 wanaondoka. Nikamgeukia shemeji: kuondoka majaliwa, eh?

Hapo nilikuwa nimeanza kufurahi, nikajisahau. Kijana akaingia kwenye mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai Tanga ni 62. Kutoka kwenye hiyo sitini na mbili ndiyo yakaja mashamba yote yale unayoyaona ukipita na basi, na miaka ile mkonge ukaitwa dhahabu ya kijani. Nikauliza, sasa mbona dhahabu imepungua? Akasema bei iliporomoka, zikaja kamba za nailoni.

Mama Rukia, ambaye siri hajawahi kuijua kazi yake, akasema, "Mume wangu anaziuza hizo."

Watu wote wakanigeukia. Kijana alinitazama kama vile nimekwenda mwenyewe kwa miguu yangu nikalizima kiwanda. Nikajitetea kwamba na mimi nanunua kwa jumla. Kutoka hapo mpaka tunamaliza matembezi hakuniita tena mzee. Hakuniita kitu.

Usiku kwa shemeji tulikula samaki wa kupaka. Sina la kulalamika hapo, na ndiyo maana napita haraka.

Jumapili tukaianza safari ya Amani. Muheza tukanunua machungwa, gari likaacha lami, likaanza kupanda. Nilikuwa nimesikia "msitu wa mvua" nikidhani ni jina tu. Si jina, ni tangazo. Ilitunyea toka getini Sigi, ikatunyea kwenye kona, ikatunyea tuliposhuka gari likiteleza ili tulisukume. Nimelipia gari, nimelipia dereva, halafu injini ni mimi.

Kule juu tukapewa kijana mwingine, mpole kuliko wa mjini, Msambaa wa hapohapo. Akatusomea masharti: usipige kelele, usishike usichokijua, usitoe kitu msituni, hata jani. Nikamwambia kijana wangu, mimi nina shida nyingi lakini upungufu wa majani si mojawapo.

Akasema leo tukibahatika tutamwona chozi wa Amani. Kumbe chozi ni ndege, kadogo, kana mdomo wa kunyonyea maua. Tukasimama chini ya mti, shingo zimegeuka za twiga, maji yanaingia kwenye kola yanatokea kwenye soksi. "Yule pale!" Wapi? "Pale, kwenye tawi la tatu." Tawi la tatu kuanzia wapi? Napewa darubini, naona ukungu, naifuta, naona ukungu mkubwa zaidi. Rukia kamwona. Mama Rukia kamwona. Dereva, ambaye alikuwa amekuja kujisaidia tu, kamwona. Mimi chozi nililoliona siku ile ni langu mwenyewe nikikumbuka bei ya gari.

Halafu akapita hondohondo, mkubwa, na mabawa yanayovuma kama feni mbovu. Huyo nilimsikia. Kijana akasema hondohondo ndiye anayeutawanya mti uitwao mhesi: anakula tunda huku, anakwenda kunya kule. Mhesi si mti wa pale, uliletwa kupandwa, sasa umejitwalia nafasi za miti ya wenyeji. Nikamwambia hiyo naifahamu. Nilimkaribisha binamu yangu Mbagala kwa wiki mbili mwaka 2019.

Kinyonga nikamwona. Nasema kweli, huyu nilimwona, maana hakuwa na haraka na mimi sikuwa na pa kwenda. Alikuwa kwenye kijiti usawa wa kifua changu, kijani kibichi, mgongo umenyanyuka kama tanga la ngalawa, usoni pembe tatu zimetazama mbele. Alinyanyua mguu mmoja, akausitisha hewani, akautikisa, akafikiri. Jicho moja linamwangalia Rukia, la pili linaniangalia mimi. Kijana akanong'ona kwamba hizo pembe ni za dume, jike hana hata moja. Mama Rukia akasema afadhali, jike ana kazi za kufanya. Tulisimama pale robo saa nzima kumsubiri avuke kijiti cha urefu wa kalamu. Foleni ya Mbagala naijua, lakini hii ya kulipia ilikuwa mpya.

Kwenye mwamba wenye ukoga wa kijani tukaonyeshwa ua. Dogo, la urujuani, majani yana manyoya kama sikio la mtoto wa paka. Kijana akasema mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka hili kwa baba yake Ujerumani. Wataalamu wakalipa jina Saintpaulia, leo linakaa kwenye madirisha ya watu dunia nzima. Ngoja kwanza. Si umesema mtu asitoe hata jani? "Wakati ule sharti lilikuwa halijawekwa." Ona sasa! Yeye kachukua, ua kapewa jina lake. Mimi nikilichuma lile nalala mahabusu Muheza.

Niko kwenye hoja hiyo, nimenyoosha kidole, najisikia wakili, ndipo nikahisi kitu kwenye ugoko. Nikakidharau. Kikaja kingine, gotini. Cha tatu kilikuwa mahali ambapo mbele ya shemeji siwezi kupataja. Kutazama chini, nimesimama katikati ya barabara kuu ya siafu, na wengine wameshahamia kwenye suruali na familia zao.

Nilikimbilia nyuma ya mti. Nikaivua. Nachomoa mmoja, wanauma wawili, na siafu ukimvuta anaona afadhali mwili ukatike kuliko kuachia meno. Huku nyuma nasikia "Haaaa! Tazama! Ana mkia mweupe!" Nikajua nimeumbuka. Nikasema jamani nipeni heshima yangu. Kumbe hawanisemi mimi. Ni mbega, ukoo mzima umeshuka kwenye tawi la chini, mtoto kabebwa kifuani, wako wazi kabisa kwa kila mtu isipokuwa aliyeko nyuma ya mti na suruali mkononi. Nilipotoka, tawi lilikuwa linatikisika tupu.

"Ungekuwepo," Mama Rukia akaniambia.

Tumefika Mbagala saa nane usiku wa manane. Navua soksi, naona kitu cheusi kimeng'ang'ania pindo: kichwa cha siafu, hakina mwili, meno bado yameuma uzi. Nimekaa nacho chini ya taa nakiangalia. Nimetoa kitu msituni. Baron alitoka na ua, na mimi nimetoka na hiki. Nikamwita Mama Rukia tukipe jina.

Kakitazama, kachukua ufagio.