Boila langu la 1996 bado linanipashia nyumba joto

Fundi alikuja mwezi wa tisa kwa ukaguzi wa mwaka, akafungua kifuniko cha boila, ule mtambo wa gesi unaopasha maji ya kuoga na ya kutia joto vyumbani, akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyekutana na Peugeot 504 barabarani, na bado inabeba abiria. Kibandiko cha aliyelifunga kingali mle ndani: Novemba 1996. Mwaka huo mimi nilikuwa darasa la tano kule Njombe, na joto la nyumbani kwetu lilikuwa jiko la mkaa na blanketi zito.

Akalisafisha, akapima moshi wake, akaandika kwenye fomu kwamba liko salama. Kisha, chai mkononi, akasema lile ambalo kila fundi wa gesi aliyewahi kuingia nyumba hii hapa Leicester, Uingereza, amelisema: angekuwa yeye, angelibadilisha kabla ya baridi. Akaniachia na karatasi ya bei. Pauni 2,900 kwa boila jipya la kombi (linalopasha maji papo hapo, bila tangi), kung'oa tangi la maji moto lililo kabatini, kung'oa matangi mawili ya darini, na dhamana ya miaka 10.

Mama watoto aliisoma ile karatasi akauliza swali moja tu. "Hili lililopo linaumwa nini?" Nikamwambia haliumwi. "Sasa?"

Tuanze na gesi, maana ndiyo hoja yao kubwa. Ni kweli boila kama langu ni badhirifu. Ni pande la chuma cha kusubu, na sehemu kubwa ya joto lake hutoka na moshi. Siku ya barafu ukisimama nje karibu na bomba lake unaota moto bure. Ni mafiga matatu tu yaliyofunikwa bati jeupe. Katika kila uniti 100 za gesi ninazochoma, tuseme 72 ndizo zinazofika kwenye maji, na boila jipya lingefikisha 90. Ukielezwa hivyo sebuleni kwako unajiona kama unaibiwa kila siku.

Lakini chukua bili yako. Mimi natumia uniti 12,000 kwa mwaka (uniti zilezile tulizozizoea kwenye LUKU ya umeme, ila hizi ni za gesi). Kazi hiyohiyo boila jipya lingeifanya kwa uniti 9,600. Nimeokoa 2,400. Kwa peni 6 kila uniti, hiyo ni pauni 144 kwa mwaka. Gawanya 2,900 kwa 144 unapata miaka 20. Kombi ikifikisha miaka 15 watu wanaisifia, kwa hiyo la kwangu jipya lingekufa kabla halijamaliza kujilipa. Najua gesi inaweza kupanda, sote tuliziona bili za 2022. Haya, weka peni 9. Bado ni miaka 13 na ushee.

Na hiyo 90 yenyewe ina masharti, na hapa ndipo watu wetu wengi wanapoliwa. Tangu Aprili 2005, sheria ya England na Wales inataka boila jipya la gesi liwe la aina inayokamata mvuke ulio ndani ya moshi. Mvuke ukigeuka maji unaachia joto, na joto hilo linarudi kwenye mfumo badala ya kupotelea nje. Ujanja mzuri sana. Ila mvuke haugeuki maji mpaka maji yanayorudi kutoka kwenye radieta, yale mabamba ya ukutani yanayopasha vyumba, yawe yamepoa chini ya nyuzi 55 hivi. (Radieta, sisi wengine tunaita rejeta kama ya gari, na mafundi wa Kiingereza hawatuelewi.) Nimeingia nyumba za jamaa nikakuta boila la miaka mitatu limewekwa nyuzi 80, radieta hazishikiki kwa mkono, na nje wingu la mvuke linapaa kama treni ya zamani. Wamelipia kitu ambacho hawakitumii. Kama una kombi ya siku hizi, shusha joto la radieta hadi 60 au 55 uone wiki inakwendaje. Haigharimu hata peni.

Wenye maboila ya zamani kama langu, msiige hilo. Boila la zamani halikuundwa kukamata mvuke. Ukiliendesha kwa ubaridi, yale maji yanayotona ndani yana tindikali, yanakitafuna chuma. Na mwenye tangi la maji moto asilishushe chini ya nyuzi 60, kwa sababu ya lejionela, bakteria wa maradhi wanaozaliana kwenye maji ya vuguvugu.

Hilo tangi ndilo lililonifanya niikunje kabisa ile karatasi. Kila anayekuja anataka kuling'oa, eti nitapata kabati la kuwekea mashuka. Serikali kwa sasa inatoa ruzuku ya pauni 7,500 England na Wales kwa anayeondoa boila la gesi na kuweka pampu ya joto (mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kulileta ndani), na pampu ya joto inahitaji tangi. Sisemi nitaifunga mwakani. Baadhi ya radieta zangu ni ndogo mno kwa maji ya nyuzi 45 yatokayo kwenye pampu hiyo, na dari yangu ilikuwa haina sufi ya kutosha ya kuzuia joto lisitoke. Ila kulipa mtu ang'oe tangi leo, halafu baada ya miaka michache nimlipe mwingine alirudishe, hiyo ni biashara ya nani?

Sasa, kuna jambo ambalo siliwekei hesabu. Njombe, mwezi wa sita na wa saba, tulikuwa tunasikia habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango, wasiamke. Kilichowaua ni kaboni monoksaidi, na boila bovu la gesi linatoa hiyohiyo. Haina harufu. Kwa hiyo ukaguzi wa kila mwaka siuruki, na kifaa cha kuinusa hiyo gesi kipo ukutani, kinajaribiwa kila mwezi. Anayekuja lazima anionyeshe kadi ya Gas Safe, yaani daftari la mafundi wa gesi walioidhinishwa, na ninaigeuza nyuma, maana nyuma ndiko kumeandikwa anaruhusiwa kugusa nini. Mwingine ana kadi halali kabisa lakini kibali chake ni cha majiko ya kupikia tu. Siku fundi akiniambia chumba cha moto kimepasuka, au ndimi za moto zimekuwa za njano badala ya bluu na hazirekebishiki, mjadala umekwisha siku hiyohiyo, hata iwe Januari. Hapo sitatafuta kikokotoo.

Vipuri pia vina mwisho wake. Pampu na vali za radieta zinapatikana popote, hizo si tatizo. Ila bodi ya umeme ya boila langu hailetwi tena mpya. Fundi alisema za kutoa kwenye maboila yaliyong'olewa bado anazipata. Hiyo ndiyo sababu pekee aliyonipa iliyonikaa kichwani.

Tulichoamua ni hiki. Kila mwezi pauni 80 zinaingia kwenye akaunti ya pembeni tuliyoipa jina "boila". Nimepanda darini mwenyewe Jumamosi mbili, nikatandika sufi mpaka milimita 270, nikashuka najikuna kama niliyelala kwenye upupu. Tangi nimelivalisha koti. Boila likifika Mei likiwa hai, tutaita mafundi watatu bila haraka, watupe bei huku hawana foleni, na tangi libaki. Likizima kabla ya hapo, nitalipia bei ya dharura, na nitakuwa nimekosea. Nalikubali hilo.

Kinachonikosesha usingizi kidogo ni mama mkwe, ambaye anakuja mwezi wa kumi na moja kukaa hadi Pasaka. Ana miaka 71, anatoka Tanga, na hajawahi kuona baridi ya kutoa moshi mdomoni. Nimenunua hita mbili za umeme. Ziko chini ya ngazi, bado ndani ya maboksi, na risiti nimeitunza.