Kitunda Kimoja na Saa Iliyokwisha

Mzozo wa Jumamosi bado unatembea mabarazani Ngamiani. Vijana wawili wa vyuo vya hapa Tanga walicheza sataranji, dakika 25 kila mmoja, saa isiyoongeza sekunde. Mweupe, yaani mwenye kete nyeupe, alikuwa na malkia na ngome. Mweusi kabaki na mfalme na kitunda kimoja, kete ya chini kabisa. Saa ya mweupe ikafika sifuri. Mweusi akamwita mwamuzi, akapewa ushindi, ukumbi ukazomea: huo si uungwana.

Waliozomea nawaelewa. Laiti saa ingeongeza hata sekunde 10 kila hatua, mfalme mweusi angefungwa mapema tu. Hilo ni la waandaaji kulijibu.

Lakini kijana yule kaiba nini? Dakika walipewa sawa. Mweupe alizitumia kufikiri, na kufikiri huko ndiko kulikompa malkia. Nafasi nzuri ile aliinunua kwa muda. Mwenzake alibana muda, akalipa kwa kete. Anderssen na Kolisch, magwiji wa sataranji wa zamani, walipimiana kwa saa ya mchanga tangu 1861, na saa za mitambo zikaingia mashindanoni London 1883, kwa sababu watu walikuwa wakikalia hatua moja hadi mpinzani anasinzia. Kwenye bao mtu akichelewa tunamsuta. Huku kazi ya kusuta imepewa saa.

Halafu kuna kile kitunda. Sheria za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, zinasema muda ukikuishia umeshindwa, isipokuwa mpinzani wako hana hatua zozote halali zinazoweza kumfunga mfalme wako. Hapo ni sare. Mfalme peke yake hamfungi mtu. Kitunda kipo, mambo yamebadilika, maana kikifika mwisho wa ubao kinageuka malkia. Nilikuwa nyuma ya kiti cha mweupe. Kitunda kimekaa mraba wa a7, ngome ya mweupe iko a1, safu ile ile, na katikati hakuna kete. Hatua moja tu ya kukila, na hata saa ingekwisha angeambulia sare. Mara tatu mkono wake ulielea juu ya ngome, mara tatu ukarudi kwa malkia kumkimbiza mfalme. Alikidharau.

Baadaye nilimuuliza mweusi mbona hakukisogeza kitunda chake hata mara moja. Akacheka.

"Kaka, ningekisogeza si angekiona?"