Visima vya Hai, kiu ya Arusha

Likitajwa tu wazo la kuchimba visima virefu kwenye uwanda wa Hai, mkoani Kilimanjaro, ili maji yapelekwe Arusha, majibu huwa mawili. Wa Arusha watasema maji ni ya Watanzania wote. Wa Hai na Moshi watasema mtatuachia mashimo makavu. Kila upande una hoja, ila nadhani wanavutana pasipostahili.

Arusha ina zaidi ya watu laki sita kwa sensa ya 2022, na shida yake si uchache wa maji peke yake. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia floraidi nyingi kwenye maji. Pita Maji ya Chai au Ngarenanyuki uone meno ya kahawia, na wapo waliopinda miguu tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa hiyo unaweza kuchimba kisima chini ya Meru, kikatoa maji tele, na bado yasifae kunywa mpaka yachanganywe na mengine yenye floraidi kidogo. Kuwaita watu hawa walafi kwa kutazama mashariki ni kuwaonea.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo iko upande wao. Hakuna mkoa wenye maji yake. Kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake, kwa bahati, yako Moshi. Matumizi ya nyumbani hutangulia, mazingira yakafuata, kisha ndiyo kilimo na viwanda.

Hata hivyo, wakulima wa tambarare hawaogopi bure. Wanaukumbuka mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika 1987. Hesabu za maji zilikuwa safi kwenye karatasi. Mpunga ulipoonekana unalipa, wakulima wa juu, nje ya mradi, wakafungua mifereji yao kutoka Mto Rau, na sehemu kubwa ya mashamba yaliyopangiwa maji ikayakosa. Hapo ni mtoni, ambako mfereji unaonekana kwa macho. Maji ya ardhini hayaonekani. Pampu kubwa ikivuta mfululizo, kina cha maji ardhini hushuka taratibu kuizunguka: kwanza hukauka visima vifupi vya vitongojini, halafu chemchemi hudhoofika, pengine hata Chemka, na mwisho Mto Kikuletwa hupeleka maji kidogo zaidi bwawa la Nyumba ya Mungu. Huchukua miaka. Siku mtu akilalamika, ataambiwa ni ukame.

Ndiyo maana sioni faida ya kubishana ni lita ngapi ziandikwe kwenye kibali. Muhimu ni kina. Vichimbwe visima vya uangalizi, vya kupimia kina tu, kati ya pampu na vijiji, na kibali kitaje mapema kina ambacho kikifikiwa pampu zinapunguzwa, bila kikao wala simu kutoka juu. Mamlaka ya maji ya Arusha itasema mji hauwezi kuishi kwa mashaka hayo, tena mikopo ya miradi inalipwa kwa bili za wateja. Hoja nzito hiyo. Lakini mamlaka hiyo ina maji mengine inayoweza kuyapata bila kuchimba popote, yale yanayovuja kwenye mabomba chakavu ya mjini. Ianzie huko.

Vijiji vya njiani navyo vipate maji hayo hayo. Si jambo geni: bomba la Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga lilipangiwa kuhudumia vijiji vilivyo ndani ya kilomita 12 kila upande.

Panapobaki pagumu ni nani asome kipimo. Wataalamu wa Bodi ndio wenye ujuzi, ila imani haipatikani kwa ujuzi peke yake. Jumuiya za watumia maji, ambazo sheria hiyo hiyo inazitambua, zipewe ufunguo wa pili wa visima vya uangalizi, na vipimo vya kila mwezi vibandikwe kwenye ofisi za vijiji, Hai na Arumeru.